Pumua, Kibwana

Nilianguka saa kumi na mbili kasoro,
Jumanne, Temeke Mikoroshini,
mbele ya watu kumi na mmoja na redio.
Hakuna aliyenisukuma.
Nilikuwa na chuma tu mikononi:
ekseli ya Fuso, na kila upande
ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege.
Kilo themanini, kwa makadirio ya Shomvi,
na Shomvi hakadirii, anatisha.

Kwanza masikio yakajaa mbu.
Kisha mabati ya paa yakasogea mbali,
simba aliyechorwa ukutani akapauka,
giza likaingia kutoka pembeni
kama kitambaa kinavyofyonza chai.
Nikasema moyoni: bado moja.
Hiyo moja sikuiona.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni,
miguu yangu imepandishwa juu ya benchi
kama mizigo ya mtu aliyekwenda kuulizia nauli,
na juu yangu uso wa Bi Mwamvita,
mkunga wa zamu ya usiku,
kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi,
vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu,
midomo yake ikihesabu.

"Umekula nini tangu asubuhi?"
Chai ya rangi.
"Na nini?"
Na sukari.
Akacheka, wala si kwa huruma.
"Umelinda duka la watu Kariakoo mpaka alfajiri,
ukasinzia mchana chini ya bati la moto,
maji hukunywa,
halafu unakuja kubeba ekseli kwa sukari.
Hata hilo Fuso halikuwashwa hivyo."

Nikataka kuinuka. Akanizuia kwa kiganja.
"Tulia. Aliyeanguka haraka
huinuka polepole.
Kaa kwanza. Inamisha kichwa.
Subiri simba arudi ukutani."

Simba akarudi. Alitanguliza meno.

"Nilikuwa nakutazama," akasema,
"umefunga mdomo, mashavu yamevimba,
mshipa wa shingo umesimama kama kamba ya kuanikia.
Nani alikufundisha kubana pumzi?"
Nikafikiri. Hakuna aliyenifundisha.
Niliona wanaume wakifanya hivyo
wakihamisha makabati.

"Kila usiku ninao wanaobana hivyohivyo.
Nawaambia: mama, mtoto hatoki kwa mashavu.
Pumua.
Ukishuka na chuma, vuta.
Ukipanda nacho, toa, hata kama unatoa na kelele.
Na kikifika mabegani usikilaze kooni,
hapo ni njia ya damu kwenda kichwani,
si rafu ya vyombo.
Masikio yakianza kuimba, weka chini.
Usimwage heshima yako kwa moja ya ziada.
Na likirudi tena jambo hili, njoo tukupime,
usiende kwa yule muuza viatu na vidonge vyake."

Basi sasa saa tisa nakula viazi na maharage.
Nakuja na dumu la maji la lita tatu.
Nimerudi kwenye ndoo moja moja,
kilo arobaini, na aibu yake,
na kila nikipanda natoa: fuuu.
Shomvi anapiga kofi pajani:
"Jamani, Kibwana anazaa!
Leo mapacha?"
Wanacheka wote, hata redio kama inacheka.
Nami napumua.
Nikimaliza sisimami kama mlingoti,
natembea mpaka mlangoni na kurudi,
damu ikumbuke njia.

Alhamisi iliyopita Shomvi alipanda na themanini zake.
Ya nne. Ya tano.
Kwenye ya sita nikaona mashavu,
nikaona jasho la baridi juu ya mdomo,
macho yakitazama kitu ambacho hakikuwemo chumbani.
Akakitua chuma kwa kishindo, akaketi palepale,
kichwa katikati ya magoti.

Hakuna aliyesema kitu.
Hata mimi, niliyekuwa na maneno ya wiki tatu.
Nikamsogezea dumu.
Nikachuchumaa karibu yake,
nikangoja mpaka bega likaacha kutetemeka.

"Umekula nini, Shomvi?"

Akanywa kwanza.
"Chai," akasema.

"Na nini?"