Utosi wa Baba

Pakiti ya biskuti hufura kama chura
gari likipita mita elfu tano.
Hapo ndipo ninapochomeka mrija wa oksijeni puani,
nafungua lango la darubini,
na Daktari Ismenia Catrileo, asiyelala, asiyekula,
ananiuliza kama barafu imeshika kwenye bawaba.
Haijashika. Katika jangwa la Atacama
hata mate ni ya kuhesabu.

Sisi hatutazami nyota.
Nyota ni watoto wa juzi.
Tunaungoja mwanga ulioachiliwa
siku ukungu wa moto ulipotakata,
miaka bilioni kumi na tatu na ushei.
Unafika umepoa, jicho haliuoni,
lakini kila mtetemo wake bado umelalia upande,
kama nywele.

"Kama nywele?" Daktari alicheka.
Nilikuwa kinyozi mjini Calama, nikamwambia, miaka kumi na mmoja.
Nazijua nywele zinavyolala.

Basi akanifunulia ramani:
hapa mistari imetulia, imetii,
hapa imejisokota, kombo kidogo mno,
kadiri ya sarafu ya peso mia
uitazamapo kwa hatua arobaini.
Hapana kitu pale, akasema.
Hapana tunachokiona.
Ila pana uzito. Mwanga ulipita kando yake,
ukainama, ukashika njia.

Nikanyamaza.

Baba yangu, Eleuterio Ayavire,
alichimba shaba miaka thelathini.
Siku niliyomnyoa mara ya kwanza, keshakuwa mzee,
kitana kilifika utosini kikagoma.
Nywele zilikuwa zinazunguka kitu,
kushoto, karibu na kisogo.
Nikabonyeza: kovu, refu kama kidole cha shahada.
"Jiwe," akasema. "Zamani. We nyoa."

Mama hakulijua.
Mto mmoja, miaka arobaini, hakulijua.
Lisemwalo lipo, sawa;
lisilosemwa je, lenye uzito wote ule?

Saa kumi alfajiri. Upepo umegeuka,
chai ya koka imeganda kikombeni.
Daktari bado anahesabu.
Kusini kabisa mwa ramani yake kuna doa
alilolipa namba tu.
Nimemwomba alivute karibu.

Navua glavu.
Naweka kidole juu ya skrini,
nabonyeza polepole,
kama mtu anayeogopa kutonesha.