Nguo ya Pili

Mwezi wa nne, tumbo langu lilikuwa la mwezi wa saba.
Mama mkwe akaja kwa basi la usiku kutoka Arua,
mfukoni nguo mbili za kumpokelea mtoto,
zimekunjwa pembe kwa pembe.
"Ni pacha, Letaru. Tumbo halisemi uongo."

Lilisema.
Kajjansi, kwenye chumba chenye pazia la kijani,
Ojok alinipaka mafuta baridi, akapitisha mashine,
akanyamaza kama mtu anayehesabu chenji isiyotosha.
"Mtoto huyu hapa. Moyo unakwenda mbio.
Na huyu..." Akasita. "Huyu si mtu."
Sentimita tisa, akaandika kwenye kadi.
Mtoto alikuwa na kumi na moja.

Mji wa mimba: neno nililijua.
Sikujua kwamba mji huo nao una wavamizi,
wajenzi wa usiku, wasio na kibali,
wakiuegemeza ukuta wao kwa jirani.

Daktari akauliza kazi.
Maua, nikasema. Waridi. Mwaka wa sita.
Akainua kalamu, akaishusha.
Nikamweleza banda la nailoni, joto la kuivisha ndizi,
wapuliziaji wakitoka na barakoa, sisi tukiingia na mikasi,
majani bado yanachuruzika.
Kibao kinasema kesho. Twesigye anasema ndege ni leo.
Jozi moja ya glovu kwa watu wawili,
mmoja kushoto, mmoja kulia.
Nikamweleza dumu la buluu lililotoka na dawa,
tuliuziwa getini shilingi elfu nne,
tukalisuuza, tukalijaza maji ya kunywa.
Tulilisuuza mara tatu, daktari. Kwa sabuni.

"Siwezi kusema ni dawa," alisema.
"Siwezi kusema si dawa.
Wapo wasiowahi kushika ua, na wanao uvimbe huu.
Lakini hilo dumu, litoe nyumbani."

Nikalala na jibu hilo
kama mtu aliyelala na mlango usiofungika.
Saa nne ndege ikapita juu ya bati letu,
imebeba nilichokata mchana.
Watu hudhani tunanukia. Mawaridi yale hayana harufu.
Harufu ni ya dawa, tamu kidogo,
kama papai lililopitiliza.

Mwezi wa sita uvimbe ukaanza kuuma.
Nikaung'ata mto.
Mama mkwe alinikanda ubavu wa kulia, palipo pagumu,
akapabembeleza polepole, akapaita Amaza,
jina la baba yake.
Mtoto alikuwa kushoto, anapiga mateke.
Sikumwambia.

Walinipasua mwezi wa kumi.
Msichana, kilo mbili na nusu, sauti ya kugombana.
Mama mkwe alimfunga nguo ya kwanza
kisha akakaa, ya pili mapajani,
akiutazama mlango wa chumba cha upasuaji
mpaka muuguzi akazima taa.

Uvimbe waliuacha. Kuukata pale
ni kuifungulia damu, walisema. Huenda utasinyaa.
Huenda. Naupapasa ninaponyonyesha.

Dumu liko nje, limepinduliwa mdomo chini.
Jana jirani, mimba yake changa bado haijaonekana,
ameniuliza kama naliuza.