Kulwa na Doto

Relei ya kwanza ilikuwa na ulafi.
Ili taa ya baraza iwake, ilidai umeme usiku kucha,
kama mtu anayezuia mlango kwa bega
na komeo lipo, hajaliona.
Saa tisa usiku betri ya sola ikazimia.
Baba akaamka gizani, na Isevya nzima ikasikia
kidole chake cha mguu kikikutana na jiko.

Ya pili niliagiza Dar. Ilikuja na basi
ndani ya boksi la dawa ya meno:
nyeusi, ndogo kuliko kiberiti,
tumboni mna sumaku na koili mbili.
Nikaziita Kulwa na Doto.
Kulwa anawasha, Doto anazima,
na kila mmoja hula tonge moja tu,
mpigo wa milisekunde hamsini,
ta!
kisha chipu inaondoa mkono
na sumaku inabaki imeshika neno.
Usiwalishe pamoja. Nilijaribu.
Hakuna aliyeshinda, na transista ilinuka
kama nywele zilizopita karibu na moto.

Baba alivaa miwani, akaipindua kiganjani.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtu wa pointi
stesheni ya Tabora, pale reli inapochagua
Mwanza au Kigoma.
Hakucheka. Alisema, "Huu ni wenzo.
Unausukuma, unauacha, unakwenda kunywa chai.
Treni ikija saa nane, ulimi wa reli uko pale pale.
Nani angeshika chuma kile hadi asubuhi?"

Nikafunga tatu: ya taa, ya feni, ya pampu ya kisima.
Wiki nzima nilitembea kama mwenye duka.

Jumatano umeme ukakatika, pampu ikiwa kazini.
Uliporudi, chipu iliamka kama kichanga,
haina jana.
Ikajiambia: vyote vimezimwa.
Lakini Kulwa hakuwa amesahau kitu.
Pampu ikavuta, ikavuta,
na chipu haikuona sababu ya kuzima
kitu ilichoamini kimezimwa.
Simtanki likajaa, likafurika, maji yakaruka ukuta
hadi uani kwa Mama Nyanzobe,
michembe yake ya msimu mzima ikaogelea.

Nilikwenda na kilo mbili za sukari kuomba radhi.
Sukari aliipokea.
Radhi, alisema, ataifikiria.

Usiku ule baba aliketi karibu na lehemu yangu
akifukuza moshi kwa kofia.
"Ulitoa amri, ukaondoka.
Kwetu ilikuwa mwiko.
Ukishavuta wenzo unatembea na kandili,
unainama, unapitisha kidole kati ya ulimi na reli:
umelala sawa? Hakuna kokoto?
Ndipo unaonyesha kijani.
Wenzo haudanganyi, Milembe.
Ila wenzo si ulimi."

Nikaongeza waya wa njano, mwembamba,
kutoka ubavuni mwa kila relei kurudi kwenye chipu.
Sasa inapoamka, kabla haijaamuru lolote,
inauliza: mmelalaje?
Na Kulwa anajibu, au Doto,
kwa sauti ya volti tatu na kidogo.

Jana umeme ulikatika mara nne.
Nililala nikisikiliza boksi ukutani:
kimya,
kimya,
ta,
kimya.
Michembe mipya ya Mama Nyanzobe ilikuwa juu ya bati,
mbali na ukuta wetu. Hajamaliza kufikiria.

Alfajiri, mlango wa baba ulilia.
Alitoka na tochi, nyayo peku,
akasimama mbele ya boksi, akainama,
akapitisha kidole pembeni mwa kifuniko
taratibu, kama anayetafuta kokoto.
Halafu akarudi kulala
bila kuniambia kama ni kijani.