Hali ya Eneo

Walinipa kitabu usiku wa kuamkia safari,
jalada limeng'oka, wino mwekundu kila mahali:
mji mfu, ukurasa wa kumi na nne;
uwanda mweupe, wa themanini;
nyumba ya mwisho, na hapo Chubwa, mwongozaji,
alipigia mistari mitatu mpaka karatasi ikatoboka.
Mimi mzaliwa. Kazi yangu kuwaonyesha
ni wapi, hapa Kigoma, dunia imekwisha.

Kitabuni mwanamume anatembea siku saba
asisikie jogoo.
Sentensi hiyo ndiyo iliyotuponza.

Tulianza stesheni. Adhuhuri, treni haipo,
kuta za Mjerumani zimesimama
kama zilizoambiwa zingoje kidogo.
Chubwa akaunda dirisha kwa vidole, akachungulia.
"Toa watu. Toa lile bango."
Nikahesabu wa kutolewa: wapagazi wanane,
mama wa maandazi,
mtoto aliyelala katikati ya madumu ya mawese,
mdomo wazi.
Boniventura wa sauti akainua mkono.
Jogoo.

Uvinza, siku ya pili.
Majiko ya zamani, bomba lililoliwa na kutu,
ardhi imefanya ukoko
kama sufuria ya ugali iliyosahaulika.
Hakuna jani. Boniventura akafumba macho,
akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Gungu.
Kisha: ko. Ko. Ko.
Nyuma ya ukuta mtu anagonga rimu ya baiskeli,
magunia mawili ya chumvi yanamngoja.
"Mnapiga picha?" akauliza.
"Subirini basi nivae shati."

Sikutaka kuwapeleka Kibirizi.
Kitabuni ziwa lilikauka. Kwetu lilipanda,
taratibu, kama mgeni anayesogeza kiti
kila unapogeuka kukoroga mboga.
Nyumba ya mama mdogo Nyabenda
imebaki bati, madirisha, na nusu ya mlango.
Chubwa akashuka garini asiseme neno,
akaingia majini na viatu vyake.
"Hii," akasema. "Hii hii."

Mimi nilikuwa natazama fremu ya mlango.
Mjomba alikuwa akitupima pale kwa mkaa, kila Krismasi.
Maji yamenimeza hadi miaka tisa.
Kumi na moja bado naonekana,
na Ezra, aliyekuwa mrefu kuliko sote,
Ezra yuko juu kabisa, mkavu.

Nyabenda akaja na mtumbwi, kasia kwapani.
Nikamweleza: filamu, mwisho wa dunia,
watalipa kwa siku.
Hakuuliza mwisho gani. Aliuliza siku ngapi.
Akatazama juu ya bati, walikolala kuku wake
tangu banda lilipozama,
akasema, "Mniambie mapema unaanza lini,
niwahamishe hawa."

Jogoo akasimama kwenye kenchi,
akakung'uta mbawa,
akalimaliza koo lake lote.
Boniventura hakuinua mkono.
Alikuwa amewasha mashine.

Usiku, gesti ya Mwanga, umeme umekatika,
nikajaza fomu kwa tochi ya simu.
Jina la eneo: Kibirizi, kwa Nyabenda.
Njia ya kufika: mtumbwi.
Hali ya eneo. Kalamu ikasita.
Chubwa alikuwa amenielekeza niandike *gofu*.
Niliandika: linatumika.
Nikakaza wino.