Salamu ya Dola Elfu Kumi

Jumatatu alikuja mpaka rangi;
Jumatano nyumba ya Stamatia ilikuwa nyeupe ndani kama kliniki.
Picha ya Bikira iliteremshwa, na alama yake ukutani,
mraba wa miaka arobaini na mitatu,
ikamezwa na brashi kwa mikupuo miwili.
Wakaingiza sofa la kukodi, la kijivu,
na mezani bakuli la malimau ya plastiki,
hali nyuma ya jikoni mlimau wa Thanasis
umezaa hadi matawi yamelala,
malimau yakidondoka moja moja, pu,
juu ya saruji aliyoimwaga mwenyewe
mwaka ule nilipohamia mtaani nikaazima toroli lake,
toroli ambalo, niseme kweli, nilikuwa bado sijalirudisha.

Asubuhi ya mnada nusu ya Preston ilikuwa barabarani kwetu:
wenye nia, wenye macho tu,
na wanaotaka kujua nyumba zao wenyewe zimefika bei gani.
Mimi ni wa kundi hilo la mwisho. Sijitii utakatifu.

Dalali Brayden, suti ya buluu, viatu bila soksi,
aliisifu nyumba kama anayemsifu marehemu asiyemjua:
"Mifupa imara! Hatua mia tatu kutoka kituo cha tramu!"
Mifupa, naam. Thanasis aliuvunja mguu kwenye ngazi ile ile.

Bei ikapanda kwa makumi elfu, kisha kwa tano tano.
Mjenzi aliyetaka kubomoa akatikisa kichwa, akaenda zake.
Wakabaki wawili, Hiruni na Nuwan
(majina niliyajua baadaye),
mtoto kafungwa kifuani kwa baba, soksi mguu mmoja.
Milioni moja, laki moja na elfu arobaini.
"Mara ya kwanza," akasema Brayden. "Mara ya pili."

Ndipo pazia likasogea.

Mwanawe aliahidi kumtoa akanywe kahawa, asiyaone haya.
Lakini alikuwepo, nyuma ya dirisha la mbele,
kavaa koti, mkoba mkononi, kama abiria,
na katika watu wote wale akanitazama mimi.
Ningefanyaje? Nikainua mkono.

"Arobaini na tano! Bwana mwenye kofia! Mshindani mpya!"

Ulimi uliganda.
Stamatia alikuwa akinipungia, polepole,
kama mtu anayefuta kioo,
na kuushusha mkono wangu saa ile
kungekuwa kumfungia mlango usoni.
Hiruni akanigeukia. Sijapata kutazamwa vile.
Wakanong'ona kwa Kisinhala. Nuwan akatoa simu,
akapiga hesabu, akafuta, akapiga tena;
mtoto akakanyaga hewa kwa mguu mtupu.
Kisha kidole kimoja, chembamba: hamsini.

Karatasi ikapigwa kiganjani. Makofi.
Mtu akafungua shampeni, nayo ya kukodi, nadhani.

Elfu kumi. Salamu yangu iliwagharimu elfu kumi,
na yeye haikumfaa kitu:
chumba alichohamia kinatazama maegesho ya magari.
"Uliona walivyopiga makofi?" aliniuliza nilipomtembelea.
"Ilikuwa kwa ajili ya nyumba yangu."
Nikasema niliona.

Basi nawakatia nyasi, ukanda ule wa mbele,
kila Alhamisi ya pili, sikuombwa.
Fundi hutoza dola hamsini; nami nimepiga hesabu yangu:
mara mia mbili. Nina miaka sabini na minne.
Nuwan hudhani ndio ujirani wa huku,
ameanza kunisifu mbele ya wageni.
Malimau huniletea kwa toroli,
lile lile, nililolirudisha siku waliyohamia
nikasema tu, "Ni la nyumba."

Zimebaki mia moja na sitini na moja.
Asubuhi, akitoa gari, Hiruni hunipungia mkono.
Mimi humjibu kwa kichwa,
mikono yote miwili nimeitia mfukoni.