Gauni Moja la Mahameli

Pikipiki ya marehemu kaka yangu haiwaki kwa matusi
wala kwa dua. Huwaka ukiilaza kidogo kushoto,
kama mtu anayejitoa maji sikioni.
Nikailaza. Ikakohoa. Tukatoka Quy Nhon kungali giza,
kamera kifuani, mkate wa maini ndani ya koti
ukinipasha tumbo kama paka.

Jarida la Hanoi lilitaka picha za kalenda:
nyavu za buluu, vikapu vya kuelea, jua linachomoza.
Mtu akiwapo, waliandika, awe mmoja, awe mbali,
uso usionekane.

Mlima wa Cu Mong niliupanda nyuma ya lori la kamba hai,
maji ya chumvi yakinirukia usoni kila kona.
Kona ni nyingi.

Ganh So hukupokea kwa pua kwanza:
dagaa walioshindiliwa chumvi mapipani mwaka mzima
hadi wakageuka mchuzi. Halafu kelele za bei ya ngisi.
Halafu vikapu vyenyewe, vimepinduliwa mchangani,
nyungo kubwa za mianzi zilizopakwa lami,
na juu ya kila kimoja mbwa amelala
kama mlinzi aliyelipwa kabla ya kazi.

Nimepiga goti, nangoja jua,
mkono wenye magamba ya samaki ukanishika bega.
"Wewe ndiye mpiga picha za kufa?"

Alikuwa Bi Sau Nhan. Akaona sijaelewa.
"Za madhabahuni, mwanangu. Ukingoja mpaka ufe,
watoto watakukata kutoka kwenye picha ya harusi ya jirani,
na bega la jirani likubakie.
Mimi sitaki kufukiziwa ubani pamoja na bega la Bi Hai."
Bi Hai, nyuma yake, akasema hata bega halitaki.

Wakatundika shuka kwenye ukuta wa hekalu la nyangumi.
Gauni lilikuwa moja, mahameli ya zambarau,
linanuka dawa ya nondo. Wakalivaa kwa zamu, wanawake tisa.
Mwembamba akabanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo;
mnene akaliegesha mbele tu, mgongo wazi ukutani.
Kwa mbele, kila mmoja tajiri.

"Nicheke?"
"Kidogo, bibi."
"Basi kidogo. Wajukuu watakula chini yangu, nisiwakwamishe wali."

Tu Khoai, aliyenyang'anywa jicho na ndoana,
akakaa kitini akiwa na shati lake la kupigia kura.
Nikamgeuza upande wa jicho zima.
Akajirudisha. "Piga na shimo.
Mama yangu aliniacha nalo. Atanijuaje huko?"

Hapo nikashusha kamera, nikajidai nafuta lenzi.
Nyumbani kaka yangu yuko madhabahuni kwa picha ya leseni,
muhuri wa serikali umempita kidevuni,
na kila kumbukumbu ya kifo chake mama huufuta kwa kidole
kama anayemfuta mtoto aliyetoka kula.

Jua? Lilichomoza nikiwa nyuma ya Bi Nam Luu,
vibanio vitatu mdomoni.

Walinilipa chupa ya mchuzi, kizibo cha gazeti.
Nikailaza pikipiki kushoto. Kimya.
Nikailaza tena. Kimya.
Wakaja wote tisa wakaisukuma,
wa mwisho bado yumo ndani ya mahameli, vibanio vikimruka
kimoja kimoja mchangani, mbwa wakivifuata.
Ikawaka.

Kwenye kioo cha pembeni nikawaona pamoja,
wadogo, mbali, jinsi walivyotaka Hanoi,
ila nyuso zote tisa zaonekana, midomo wazi,
na mimi filamu imekwisha.

Chupa ilianza kuvuja Cu Mong.
Koti la kaka nimelifua mara nne.