Globu ya Wati Kumi na Tano

Imezimika saa kumi jioni, mwezi wa Novemba,
saa ambayo Halifax huwa imeshafunga milango.
Haikuaga. Ilitoa tiki moja tu,
kama mtu aliyefyonza chumba cha pili,
na pindo la pazia la Bi Hesketh likabaki njia panda,
huku uzi, kule pini.

Cherehani yenyewe inamzidi mama yangu umri.
Nyeusi ti, kiunoni ina maua ya dhahabu
yaliyofutika pale viganja vya wengine
vilipopita kabla ya changu.
Niliinunua pauni thelathini, kwenye gulio la kanisa,
nikaipandisha mlima hadi Boothtown
nikipumzika kila nguzo ya taa
kama mja mzito aliyekosea kuhesabu siku zake.

Taa imejibanza nyuma ya shavu
ndani ya kikombe cha bati.
Ukijisahau inakutia chapa:
ninayo hapa, kwenye kidole cha shahada,
alama ndogo, kiasi cha punje ya ulezi.
Na bado, asubuhi za Januari,
nilikuwa nikiisogezea vidole kwa hiari.

Nikaizungusha kama kifuniko cha chupa. Ikagoma.
Nikaizungusha kwa hasira. Kioo kikalia,
nikaacha. Mali ya kale haitaki ubabe.

Kesho yake sokoni, chini ya kuba la vioo,
kibandani kwa Wilf Ogden:
zipu, vifungo, mikanda ya ngozi, vichupa vya mafuta.
“Haina parafujo hiyo,” akaniambia. “Ina masikio mawili.
Chomoa plagi. Iache ipoe.
Isukume ndani kwanza, kama kengele ya mlangoni,
halafu kushoto, robo tu, uilegeze mkono.
Itakuja yenyewe.”
Nikacheka moyoni. Miaka saba katika nchi hii,
na sijasukuma kitu
kikaja chenyewe.

Akaweka globu mbili juu ya kaunta:
moja ya kizamani, kioo angavu, ya mwisho katika boksi;
moja ya kisasa, haichomi, haili umeme,
“hii itatuzika, wewe na mimi.”
Zikagongana alipoziweka. Mkono wake ulitetemeka
mtetemo usiokuwa wa baridi.
Akaona nimeona.

Akafunua shuka. Chini yake cherehani ya kijani,
ya marehemu mkewe, Doreen,
gizani tangu Kwaresma.
“Zamani nilibadilisha hamsini kwa wiki,
za wanawake wa kiwanda cha mazulia.”
Hakuniomba. Alitazama vidole vyangu tu,
kisha akatazama zipu.

Nikavuta stuli.
Plagi. Kipande cha mpira, kioo kisiteleze.
Nikasukuma. Springi ikapumua.
Robo, kushoto,
na globu iliyokufa ikanilalia kiganjani,
nyepesi kuliko yai la njiwa,
tumbo limeingia masizi.
Nikaipachika ile ya kisasa. Mwanga ukamwagika
mweupe kama maziwa ya kopo,
ukafichua vumbi la nyuzi alilolibakisha Doreen:
waridi, buluu, waridi.
Wilf hakulipuliza.

Bei hakutaja. Ile ya mwisho katika boksi
akaifunga kwa gazeti, akanitilia mkobani.
“Asante, Siku.”
Sikudhani linamshinda ulimi, hulikata katikati,
na sijapata kumwambia nusu anayoibakiza
ina maana gani.

Saa kumi imefika tena. Nje kiza,
ndani meza ina rangi ya samli.
Mshono wa juzi na wa leo haukukutana sawasawa,
umepishana unywele mmoja.
Bi Hesketh hataona.
Kidole cha shahada kinaisogelea bati,
polepole,
kama kinachojua kinakokwenda.